Majani Mabichi ya Papa Elysée

Mume wangu Adalbert, baba ya mutoto wetu Elysée, ni fundi wa viatu hapa Nyawera, mujini Bukavu. Tangu anioe, watu wanamuuliza: "Papa Elysée, kwenu ni wapi?" Anajibu: "Juu ya Mudaka, kwenye kilima cha bwami." Basi wanamusemesha Mashi, luga ya kule, naye anajibu kama padri mugeni anayejifunza misa, na wote wanacheka. Si kosa lake. Mama yake alimuleta Bukavu mugongoni, hajaota hata jino. Baba yake akafa mapema, baba wadogo wakachukua shamba, na kule kilimani hakuna hata mugomba mumoja unaoitwa wa kwao. Viatu vya muji huu anavijua: akiona kisigino kimelika upande mumoja, anakuambia mwenyewe anapanda mulima gani kila siku. Kwao, hakuna anayemujua.

Mwaka jana redio ikatangaza kwamba bwami, ile nyumba kubwa ya wami, wafalme wetu wa zamani, iliyoungua (wengine wanasema radi, wengine wanasema vita, mimi sikuwa pale), inajengwa tena vile ilivyokuwa, kwa mianzi, matete na majani. Kila familia ya kilima, hata ile iliyohamia mujini, ilete muzigo mumoja wa majani ya paa. Watapokea siku ya Posho, ndiyo Jumamosi, na watu wataruhusiwa kuingia kuona ndani.

Adalbert akaweka nyundo chini, misumari bado mudomoni.

"Maman Elysée, majani yangu itakaa juu ya ile nyumba. Mutoto wetu atapita pale na batoto bake, atanyoosha kidole: ile pale ni yetu."

Nikamuambia kwanza ateme misumari. Lakini nilielewa. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumusikia akitaka kitu kwa sauti ile.

Sasa, mujini majani utayakata wapi? Hapa kwetu hata mahali mbuzi anateleza wamejenga nyumba. Tukaenda kijijini kwetu Miti siku ya Ijumaa, kwa kaka yangu Delphin, tukalala. Asubui, sisi wengine bado kitandani, Adalbert akachukua mundu, akashuka bondeni peke yake. Nilipotoka inje, pikipiki ilikuwa inanguruma tayari na muzigo uko juu yake, umefungwa vizuri na kamba ya mugomba. Ulikuwa unatiririka maji.

"Papa Elysée," nikasema, "hii iko mubichi."

"Eh! Nimekata sasa hivi. Unaweza pelekea mwami kitu iliyolala?"

Mimi ni mutoto wa Miti. Najua paa linaezekwa kwa majani makavu. Lakini alikuwa na uso wa mutoto wa komunyo ya kwanza, na pikipiki ilikuwa imekwisha kulipwa. Nikafunga mudomo. Delphin akaniangalia kama mutu anayeangalia mugonjwa.

Nyumba yenyewe, nisiwadanganye, ni nzuri. Ni kama kitunga kikubwa walichokigeuza juu chini. Upande mumoja ulikuwa umekwisha kufunikwa, upande mwingine mianzi ilionekana kama mbavu. Watu walikuwa wamepanga mustari, kila mumoja na muzigo wake wa majani makavu, rangi ya mukate. Muzee Isidore, mukubwa wa waezekaji, alikuwa anapokea, anakunguta, anawatupia wanaume walio juu. Alipofika kwa Adalbert akakamua majani kidogo. Maji yakamushuka mpaka kwenye kiwiko.

"Papa," akasema, "na ngombe yenyewe iko wapi?"

Wote wakapasuka. Mama mumoja wa fulari nyekundu kichwani akaongeza: "Batu ba mujini! Posho ingine atatuletea saladi!"

Adalbert akakumbatia muzigo wake. Mimi nikasema.

"Munacheka nini? Huyu amekata na mukono yake! Weye maman wa fulari, majani yako ulinunua pale chini barabarani, nilikuona, na bei ulikuwa unalilia!"

Kicheko kikageukia upande ule. Hata muzee Isidore alicheka.

"Maman, maneno yako iko makavu, ile tungeezekea. Lakini hii majani itaoza, na mvua itatukuta ndani. Siwezi, papa. Unisamehe."

Alikuwa na haki, na hiyo ndiyo iliuma. Adalbert akasema, "Aksanti, muzee." Akaweka muzigo kichwani, akaanza kushuka kuelekea barabara, maji yakimutiririka shingoni. Mimi nyuma.

"Ni nani anakimbia na majani yangu?"

Mama mumoja mwenye mvi alikuwa anatoka kwenye nyumba ameinama, maana mulango ni mufupi, makusudi, kila anayeingia ainame. Mukononi alishika fagio. Ndiye maman Georgette, mutunzaji wa ndani.

"Tangu asubui bananiletea makavu, makavu! Kila mutu anataka kukaa juu. Na bageni bakae juu ya nini, udongo?"

Adalbert akasimama. "Chini?"

"Chini. Majani mubichi inatandikwa chini, batu banakaa."

"Baikanyage?"

"Ndiyo, baikanyage. Ikikauka natupa inje."

Uso wa Adalbert ukaanguka kuliko mara ya kwanza. "Maman, mimi nilitaka ikae. Mutoto wangu aione."

Maman Georgette akaegemea fagio lake. "Unaona bale ba paa? Banaleta mara moja, banaenda. Hatutabaona tena mpaka paa ioze. Mutu wa chini ni lazima arudi. Weye ni mutoto wa nani?"

Adalbert akataja jina la baba yake.

"Simujui," akasema maman Georgette. "Lakini weye nitakujua."

Adalbert akavua viatu, akainama, akaingia. Ndani kulikuwa baridi, kunanukia mianzi mipya, na mwanga unaingia vipande vipande pale paa halijafika. Maman Georgette akamuonyesha: mashina kuelekea ukuta, ncha kuelekea mahali pa moto, katikati. Akapiga magoti, akatandika konzi kwa konzi, taratibu, kama anavyopaka kole, ile gundi yake, kwenye soli. Alipomaliza wakamukalisha yeye wa kwanza. Wageni wakaingia. Hata fulari nyekundu akakaa, akasema ni laini. Kitenge changu kililowa chote na sikulalamika.

Sasa kila mwezi anaenda na muzigo mubichi. Mashi yake imekuwa nzuri kidogo, au watu wamezoea, sijui. Mengi aliyojifunza kwa maman Georgette ni maneno ya kugombeza.

Mwezi uliopita mvua ilinyesha tangu usiku. Nikamuambia: kaa nyumbani, yale matope ya Mudaka yanameza pikipiki na shofere wake. Hakukaa. Alifika kule saa tisa ya mchana, amelowa, akanipigia simu akilalamika kwa sauti ya kuamsha jirani:

"Maman Elysée! Maman Georgette amenigombeza mbele ya batu bote! Anasema nimechelewa, balikuwa bananingojea!"

"Pole," nikasema.

"Pole ya nini?" akasema, na akacheka mpaka uniti zikaisha.