Upepo wa Saa Nne na Nyumba ya Shangazi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupanga safari kwa ramani ya simu. Ramani inaonyesha barabara, madaraja na vituo vya mafuta. Haionyeshi shangazi.

Nilitaka kuipeleka familia Kalemela, ziwani, tukavue kwa chambo cha manyoya. Uvuvi huo nimejifundisha mwenyewe kwa video: unafunga manyoya ya kuku kwenye ndoano mpaka ifanane na mdudu, kisha unaurusha mshipi utue juu ya maji bila kishindo. Nilifanya mazoezi uani kwetu Bariadi mpaka majirani wakamuuliza mama kama naumwa. Mchana tungerudi kwa njia ya Lamadi, tukaangalie pundamilia karibu na hifadhi.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya baba. Baba hasafiri ila kwa msiba au kwa kuuza pamba. Nilitaka apate siku moja ya kukaa tu, na amwone mwanawe akifanya kitu anachokiweza.

Nilimweleza tukiwa tunakula. Chambo hiki hakitaki upepo, nikasema, na ziwani upepo huanza saa nne. Kwa hiyo njiani hatusimami popote.

"Na Mwamanyili?" akauliza. Dada yake anaishi pale, kando kabisa ya barabara.

"Tutampungia mkono."

Mama aliacha kutafuna. Mdogo wangu wa kike alicheka mpaka akapaliwa.

"Umpungie mkono shangazi yako?" baba akasema. "Kwani yeye trafiki?"

"Baba, tukishuka atakamata kuku. Akishakamata kuku, asubuhi imekwisha."

"Basi mimi nishusheni pale. Nyie wafuateni hao samaki wenu wanaoogopa upepo."

Nilikasirika, na mimi sijui kukasirika kidogo. Kofia yake nilishanunua. Kiti chake cha kukunja nilishakikalia mwenyewe saa nzima kuona kama kinaumiza mgongo. Unamhangaikia mtu hivyo, halafu yeye anachagua kuku!

Siku ya safari alishuka kweli. Shangazi alitoka mbio akitusalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka! Mwangaluka!", mikono bado ina unga. Sikuzima gari. Nilimwamkia dirishani.

"Huyu naye ana haraka gani?" akamuuliza mama. "Samaki wamempigia simu?"

Ziwa lilikuwa shwari, kama nilivyosema. Mshipi ulitua vizuri kuliko siku zote. Nilipata sato wawili, na mara zote mbili niligeuka kumwonyesha baba. Kwenye kiti chake alikuwa amekaa mdogo wangu, anachezea simu.

Tulipomrudia, baba alikuwa amejilaza kwenye mkeka, viatu pembeni, anacheka na dada yake kwa Kisukuma habari za utoto wao. Sijawahi kumwona amestarehe vile. Hasira zikanizidi: ile siku niliyompangia ameipata, na mimi sikuwepo.

Nilimkabidhi shangazi samaki.

"Wawili?" akasema. "Na haraka yote ile?"

Baba alicheka kuliko wote. Pundamilia wa Lamadi niliwapita bila kupunguza mwendo.

Kuhusu upepo, bado nasema nilikuwa sahihi. Lakini siku hizi safari yetu ni ya siku mbili: tunalala kwa shangazi, na alfajiri baba anakuja nami ziwani.