Vijisanduku vya Chumvi

Juzi binti yangu alichora muundo wa chumvi kwa kazi ya shule: sodiamu imesinyaa kwa kutoa elektroni moja, klorini imevimba kwa kuipokea. Nikakumbuka mchana mmoja jikoni kwa bibi, mjini Matrah, harufu ya ndimu na samaki, feni ikilalama juu yetu. Niliitazama chumvi kwa kioo cha kukuzia cha babu, nikaona chembe zote ni vijisanduku.

"Bibi, unavichonga saa ngapi?"

Akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Subhanallah. Na miye miaka yote nnaitia tu mchuzini."

Sasa najua ni ule udogo wa sodiamu na ukubwa wa klorini unaozipanga pembe kwa pembe. Siku ile tulikula mchuzi chapwa. Bibi hakuthubutu kuichota ile chumvi.