Tisini na Mbili Nyuma ya Kilima

Kazini walimwita Mama Mawingu, ingawa alishinda kwenye chumba kisicho na dirisha na akitaka kwenda chooni humuuliza mlinzi kama nje kunanyesha. Kazi yake katika ofisi ya hali ya hewa ilikuwa kusoma rada: mawimbi hutumwa, hugonga matone, hurudi, na kompyuta hukadiria mvua iliyonyesha.

Alasiri moja rada ilionyesha milimita kumi na nane nyuma ya kilima. Mvua ya kawaida. Kisha mwalimu mstaafu anayesoma kipimamvua hukohuko akapiga simu.

"Binti yangu, chombo kimejaa, nimemwaga, kinajaa tena. Tisini na mbili hizo, na bado."

Akaelewa mara moja. Kilima kile huziba mawimbi ya chini, rada ikabaki kuona vilele vya mawingu tu. Akamkimbilia mkuu wa zamu.

"Mzee, tutoe tahadhari ya mafuriko sasa hivi."

"Kwa neno la mtu mmoja? Juzi tulitangaza, halikudondoka hata tone, tukachekwa mpaka na watoto. Subiri picha ijayo. Dakika kumi tu."

Dada yake alikuwa amepanga bondeni, kando ya mto unaoshuka kutoka kilima kile. Akampigia.

"Dada, toka. Chukua watoto, pandeni barabarani. Usiniulize."

Hakusema waambie majirani. Baadaye alijitetea kwamba aliogopa kutangaza kisichoruhusiwa. Ukweli ni kwamba hawakumjia akilini.

Picha mpya ilisema ishirini na moja. Mwalimu akapiga tena, sasa anapiga kelele: mto umekata daraja. Mkuu akasaini tahadhari, lakini maji yalishatangulia. Fundi cherehani, aliyepakana ukuta na dada, alikutwa kesho yake kwenye matope. Mkewe alikuwa sokoni, akapona.

Mkuu alikiri kosa lake, na ofisi ikaagiza hesabu za rada zisahihishwe kwa vipimo vya kilimani kila saa. Mama Mawingu hakuulizwa chochote.

Dada ndiye aliyeuliza.

"Fundi aliniona natoka na mabegi. Akauliza, safari ya wapi? Nikamwambia nakwenda kwa mdogo wangu. Kwa nini hukuniambia ni mafuriko?"

"Nisamehe, dada."

"Si mimi wa kukusamehe. Fundi ana mke."

Jumapili akaenda kwa mke wa fundi. Alieleza yote, hakupunguza neno. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaingia ndani na kufunga mlango polepole, bila kuubamiza. Mama Mawingu alisimama pale barazani hadi miguu ikamuuma.