"Le" ya Wanjira

Wanjira wa Riruta amewakata wazee kucha kwa miaka kumi na miwili. Si za mikono, hizo hata mtoto anaweza. Za miguu, zile ngumu kama pembe, zinazoruka zikikatika mpaka unafumba jicho. Kila Jumanne na Ijumaa hubeba beseni lake hadi makao ya wazee, bure, na jioni mumewe Ochola humwuliza, "Leo umetibu vidole vingapi, daktari?" Kisha anacheka peke yake.

Basi shirika linaloendesha makao hayo lilipoandaa sherehe ya wanaojitolea, huko Kilimani, Wanjira alitaka kitu kimoja tu: jina lake lisomwe kwa sauti, Ochola akisikia. Akamvalisha koti, akamleta. Mimi jirani yao nilifuata chakula.

Sasa, orodha ilichapwa na Jackie, msichana mgeni ofisini, mwenye Kiswahili cha kubahatisha. Kwenye mstari wa Wanjira, badala ya "amejitolea", aliandika "amejitoa". Karanja, aliyeongoza sherehe, ni bwana wa maneno matamu. Aliona "amejitoa" ni neno kali, kama la mtu aliyejitoa uhai, akalilainisha papo hapo.

"Na sasa," akasema kwa sauti ya matanga, "tumkumbuke mwenzetu Wanjira, ambaye ametuacha. Tusimame."

Ukumbi mzima ukasimama. Wanjira naye akasimama.

"Wewe unasimama kwa nini?" nikamnong'oneza. "Si ni wewe umekufa!"

"Nyamaza. Hebu nisikie wanasema nini."

Na walisema! Mwenyekiti Virginia, ambaye miaka yote alimwita "yule mama wa beseni", alifuta machozi na kusema pengo lile halizibiki. Karanja akauliza kama kuna mtu wa familia wa kupokea cheti. Ochola, kamasi zikimtoka, akainuka.

"Ochola! Mimi niko hapa!"

"Najua, lakini wananiita."

Akaenda mbele, akashika kipaza sauti. "Huyu mke wangu nilimcheka sana," akasema. "Mungu anisamehe."

Hapo Mzee Munir, mkaazi wa makao, akagonga fimbo chini. "Ala! Maiti gani huyo? Jana kanikata kucha mimi!" Akavua kiatu, akainua mguu juu ya meza. "Tazameni kazi ya marehemu!"

Karanja akautazama mguu, akatazama karatasi yake. "Mzee wangu, ratiba imeshachapwa."

Wanjira akapita katikati ya watu, akamnyang'anya Karanja ile karatasi, akaisoma. "Nani ameandika hii?"

Jackie akainua kidole.

"Mrembo, umekula 'le' yangu. Irudishe."

Jackie akaichomeka kwa kalamu, juu ya mstari.

"Haya, soma. Kwa sauti."

"Wanjira a-me-ji-to-le-a miaka kumi na miwili."

Watu walikuwa bado wamesimama, hakuna aliyewaambia wakae, kwa hivyo wakapiga makofi hivyo hivyo. Ochola alipiga ya mwisho, peke yake, kwa muda mrefu, mpaka Virginia akamwomba akae.

Jumanne jioni Wanjira aliporudi na beseni, alimkuta Ochola mlangoni, soksi zimevuliwa, miguu imenyooshwa.

"Daktari, shikamoo."

"Foleni iko makao," Wanjira akamwambia, akimruka miguu. "Hapa nyumbani mimi ni marehemu."