"Si Mbaya Sana": Minot hadi Duluth na Mama

Siku niliyochagua njia salama kuliko zote ndiyo siku niliyokaribia kumuua mama yangu mzazi.

Msinitukane kwanza. Someni mpaka mwisho, halafu mnitukane kwa utaratibu.

Naitwa Curt, mtu wa Minot, North Dakota. Sisi wa huku ni wajukuu wa Wanorwe, na tuna ugonjwa mmoja: hatusemi kitu jinsi kilivyo. Nyumba ikiungua tunasema kuna joto kidogo.

Kwa hiyo mtoto wa kwetu hujifunza kutafsiri kabla hajajua kusoma. "Si mbaya sana" maana yake ni mbaya. "Inavutia" maana yake kimbia. Na ukionja chakula cha mtu ukasema "hiki ni tofauti," umemtukania ukoo mzima.

Hilo la mwisho ndilo lililomgombanisha mama yangu, LaVonne, na mdogo wake, Ardis. Kwenye chakula cha msiba kanisani, mama mdogo Ardis alionja viazi vya mama vya kuoka na nyama ya kusaga. Akatafuna. Akasema, "Hiki ni tofauti."

Miaka kumi na moja hawakusemeshana.

Basi Jumatatu moja ya Januari simu ikalia. Mama mdogo Ardis, kutoka Duluth.

"LaVonne, nimechoka kidogo. Ningependa kukuona."

Mama akakata simu, akakaa, akaanza kulia.

"Anakufa," akasema.

"Mama, amesema amechoka kidogo."

"Si ndiyo nakwambia! Anakufa!"

Sikubisha. Lugha ni lugha.

Shughuli ikawa njia. Kuna Barabara ya Pili, ndilo jina lake, inanyooka mashariki moja kwa moja, mwendo wa saa nane umefika. Halafu kuna ile ya kuzungukia kusini, ushike barabara kuu ya Fargo, mwendo wa saa kumi au zaidi.

Mama akataka ya haraka, asije akamkuta mdogo wake kwenye jeneza. Ramani ya simu yangu nayo ikaipenda hiyohiyo. Lakini mimi simu siiamini kwa mambo ya baridi. Haijawahi kukwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nikapakia beleshi, mablanketi, mchanga wa choo cha paka wa kumwaga chini ya tairi, na mshumaa ndani ya kopo la kahawa wa kuotea tukikwama. Tukapita kujaza mafuta. Pale nikamkuta mzee mmoja ndiyo kwanza anatoka Barabara ya Pili, gari lake limevaa theluji mpaka kwenye taa.

"Habari ya Barabara ya Pili, mzee?"

Akatazama juu. Akanywa kahawa.

"Si mbaya sana."



"Na upepo?"

"Mh. Upo."

"Ungekuwa wewe, na mama yako garini, ungepita?"

Akafikiri weee. "Ingekuwa safari ya kuvutia."

Nikarudi garini mbio. "Mama, funga mkanda. Tunazungukia kusini."

"Kwani amesemaje?"

"Inavutia."

"Yesu wangu! Zunguka, mwanangu, zunguka!"

Hatujafika hata Jamestown, redio ikatangaza Barabara ya Pili imefungwa. Magari kumi na saba yamekwama, upepo unainua theluji kutoka chini, dereva haoni hata boneti yake.

Jamani, nilijisifu! Nilijisifu mpaka Fargo. Nikikuta lori la kukwangua theluji nalifuata nyuma kwa adabu. Nikiona weusi unaong'aa kwenye daraja, ile barafu ya kujificha, napunguza mwendo. Nilijiona profesa wa barabara.

 Tulipoiacha Fargo Mama akasema, "Huu mkono wa kushoto unakufa ganzi kidogo."

"Umeulalia?"

"Labda. Si mbaya sana."

"Haya." Nikaongeza joto la gari, nikaendelea kujisifu.

Sandwichi yake hakuigusa. Baadaye akasema taya linamvuta.

"Baridi hiyo, Mama."

"Eh, baridi. Usijisumbue."

Nami, mtoto mtiifu, sikujisumbua.

Saa kumi alasiri tukaingia Duluth. Nilitegemea kumkuta mama mdogo kitandani, mchungaji pembeni. Mlango akaufungua mwenyewe, beleshi mkononi, mashavu mekundu, mzima kunishinda mimi.

Mama akamkagua juu mpaka chini. "Mbona hufi?"

"Nife kwa lipi?"

"Ulisema umechoka kidogo!"

"Nilikuwa nimechoka kidogo! Nilikuwa nimetoka kuzoa theluji!"

Kumbe tulisahau. Mama mdogo aliolewa New Jersey, akaishi huko miaka thelathini kabla ya kurudi. Kule mtu akisema amechoka, amechoka.

Mama akapiga hesabu. "Kwa hiyo siku ile kanisani, uliposema 'tofauti'..."

"Ulitia bizari, LaVonne! Nani anatia bizari kwenye chakula kile? Kilikuwa tofauti! Si nilikula sahani mbili?"

Miaka kumi na moja, sababu bizari! Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Mama naye akacheka, halafu akashika mlango kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa linamtoka usoni, na nje kulikuwa na baridi ya kugandisha kope.

"LaVonne, una nini?"

"Sina kitu. Kifua kinabana kidogo tu. Si mbaya sana."

Mama mdogo akatupa beleshi. "Curt! Washa gari!"

"Lakini mama mdogo, amesema si mbaya..."

"Nimesikia alichosema, mjinga wewe! Washa gari!"

Hapo ndipo likaniingia. Mkono. Taya. Sandwichi. Tangu Fargo alikuwa ananiambia, kwa lugha yetu wenyewe. Mzee nisiyemjua nilimtafsiri kwa neno moja, mama yangu nikamwongezea joto la gari. Niliona aibu, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Hospitali ilikuwa mtaa wa pili. Moyo. Tulipoingia muuguzi akamuinamia.

"Mama, maumivu yako, kutoka moja mpaka kumi, ni ngapi?"

Mama, midomo imeshaingia rangi ya buluu, akatafakari. "Labda mbili."

"Andika tisa!" mama mdogo akafoka.

Muuguzi alikuwa binti wa hukuhuku. Alikuwa ameshaandika tisa.

Mama alipona. Daktari alisema tungekwama barabarani siku ile, tungekuwa tunaongea mengine.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla ya safari ya baridi ulizeni upepo, ulizeni waliotoka huko, simu iwe ya mwisho. Lakini mkishaijua barabara, mgeukieni na mliyempakia. Naye anasema.

Siku hizi mama anaishi kwa mdogo wake kule Duluth. Jana nimempigia.

"Hali, Mama?"

"Nimechoka kidogo."

Nilikuwa nimeshashika funguo za gari, niko mlangoni.

"Kwa lugha ya New Jersey, Curt," akasema. "Kaa chini."