Laini Mbili za Mama Atieno

Majani ya chai yaliyopigwa na mvua ya mawe hutoa harufu kali, mbichi, kama nyasi iliyochanwa. Juzi niliinusa nje kidogo ya Bomet, nikasimama njiani kabla sijakumbuka sababu. Nitawaambia ninyi, kwa maana nyumbani bado sijathubutu.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama hakuchuma kamwe laini mbili za mwisho za shamba letu, ile mistari ya michai ya kando ya ua. Alikuwa amesoma katika Biblia kwamba mvunaji asimalize pembe za shamba lake, akaamua kwamba hata chai ina pembe. Laini hizo zilikuwa za Mama Atieno, mjane kutoka upande wa ziwa, aliyepoteza kazi kwenye shamba kubwa mashine za kuchuma zilipoletwa. Kila Jumamosi alasiri, akimaliza kuwafulia watu nguo, alikuja na gunia lake akachuma, kisha akamuuzia mwenye pikapu aliyelipa papo hapo. Hicho ndicho kilichokuwa chakula cha wiki, chake na cha bintiye Atieno, niliyekaa naye dawati moja.

Mimi nilipenda somo lingine la kanisani, la yule mdudu chungu anayejituma bila msimamizi. Nilikuwa mtoto wa kufuta daftari mpaka karatasi itoboke. Laini zisizochumwa ziliniwasha kama hesabu iliyoachwa katikati.

Jumamosi moja Mama alienda mazishini Siongiroi. Tangu asubuhi mawingu yalikuwa meusi, na ndege walikuwa wamenyamaza. Nilichuma laini zetu, kisha zile mbili, nisibakishe hata chipukizi, nikayapeleka majani yote kwenye kituo cha kununulia chai.

Mama Atieno alipofika alisimama mbele ya vichaka vitupu, gunia likiwa kwapani.

"Nyathina, mwanangu, leo mbuzi wamepita hapa?"

"Ni mimi. Majani yangekomaa."

Alicheka, lakini kidogo. "Wewe hata ile mashine utaifuta kazi! Haya, nitarudi wiki ijayo."

Hakuwa amefika barabarani mawe yalipoanza. Yalipiga mabati hadi sikusikia kilio changu mwenyewe. Yalipokwisha, shamba lote lilikuwa vijiti.

Mama alirudi jioni, amelowa, na mfuko wa unga mkononi. Hakuuliza kuhusu chai yetu.

"Mama Atieno aliwahi kuchuma kabla ya mvua?"

Niliogopa kuonekana nimekosea. Hilo tu. "Aliwahi," nikasema.

"Afadhali. Basi ana cha kula. Unga huu tuwape majirani wa chini, yeye tutampelekea Jumamosi."

Jumamosi tulikuta kufuli mlangoni. Mwenye nyumba alisema waliondoka Jumatano, Atieno amebebwa mgongoni. "Msichana mkubwa hivyo, hata nguvu za kutembea hana," akashangaa.

Miaka ilipita, nikakabidhiwa jembe. Ndipo nikajua kwamba laini zile Mama alizipalilia kwanza, kabla ya zetu, na mbolea ilianzia huko. Nilikuwa nimedhani bidii ni ya kujaza kapu letu, na kwamba za kando ya ua ni masalio.

Mpaka leo, tukinywa chai, Mama humtaja Mama Atieno. "Watu wengine," husema, "unawatunza, halafu wanaondoka bila hata kukuaga."

Nami humwongezea chai kikombeni.