Watu Wanaoishi Hapa

Nilikuwa na mwaka wa pili Lanham, jimbo la Maryland huko Marekani, kamati ya mtaa iliponigundua. Kwetu Tanga nilichora mabango ya saluni na maduka ya dawa. Huku nilibandika lebo kwenye maboksi katika ghala moja la Landover. Wakasikia yupo Mwafrika anayejua brashi. Mama mwenyekiti akanijia na hereni za mawe ya buluu, kubwa kama vitasa vya mlango, akanishika mikono yote miwili, akasema watu wa kwetu tuko karibu sana na ardhi. Mimi nimezaliwa ghorofani, lakini nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka kuchora.

Kazi ilikuwa ukuta wa jengo la mikutano: tuwaenzi wenyeji wa asili, wale waliokuwapo kabla ya Wazungu, pamoja na viumbe wa Mto Anacostia. Mchoro wa kamati ulijaa farasi, mahema yenye ncha, na mzee mwenye taji la manyoya ya ndege kutoka kichwani mpaka kiunoni. Nikamwonyesha mwenzangu wa zamu kule ghalani, maana yeye ndiye mwenyeji hasa, wa hapohapo tangu babu wa babu yake. Alicheka mpaka akaegemea maboksi.

"Hawa umewatoa sinema gani? Sisi tulikaa nyumba ndefu za magome ya miti, tukala kaa na chaza. Farasi wa nani?"

Kisha akaona maandishi ya chini, akaacha kucheka. Kamati iliandika kwa Kiingereza: kwa heshima ya watu walioishi hapa.

"Walioishi," akasema. "Mama yangu yu hai. Wakituandika ukutani kwamba tumekwisha, watoto wetu wataamini. Farasi waache ukipenda, lakini hilo neno niondolee."

Nilijaribu, wallahi. Farasi niliwafuta, nikaweka korongo wa buluu na kaa wa mtoni. Lakini neno, mama mwenyekiti alisema limeshapigiwa kura, tena lina huzuni nzuri. Huzuni nzuri! Nikamwambia mwenye msiba huo ninafanya naye kazi, yuko Landover, si mbali. Akasema inapendeza sana, akarudi kwenye rangi ya mawingu.

Basi nami nikafanya uswahili wangu. Kamati ilitaka maneno yaleyale kwa Kihispania na Kiswahili pia, ionekane inawajali wageni. Kwa Kihispania walikuwa na mkaguzi. Kiswahili nani atakikagua? Nikaandika juu ya ukuta, kwa herufi nyekundu: KWA HESHIMA YA WATU WANAOISHI HAPA. Wakaja, wakatazama, wakasema herufi zinavutia. Ghalani nikamweleza mwenzangu kwamba kwetu mtu hufufuliwa kwa silabi moja, unatoa li, unaweka na. Machozi yakamlengalenga. Akasema siku ya uzinduzi atamleta mama yake.

Walikuja, yeye na suti, mama yake, bibi mzee, na kofia ya kanisani. Mama mwenyekiti akawauliza wametoka nchi gani.

"Hapa," akajibu bibi.

"Ndiyo, lakini kabla ya hapa?" akauliza mwenyekiti, meno yote nje.

Nilichemka. Nikamshika bibi mkono mpaka mbele ya ukuta, mwanawe akamwambia maana, naye akaanza kuyasoma yale maneno kwa sauti, silabi silabi, kwa matamshi yake ya Maryland. Aliyarudia mara tatu. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Ndipo akafika Mwalimu. Popote Waswahili wanapokusanyika hamkosi mmoja wa namna hii: mzee aliyefundisha sarufi Unguja, na ambaye hata kadi ya harusi huisoma na kalamu mkononi. Akavaa miwani.

"Mwanangu, umetuaibisha. Kizungu chasema walioishi, wewe waandika wanaoishi. Wakati uliopita huujui?"

"Shikamoo Mwalimu. Nakuomba nyamaza."

"Marahaba. Sinyamazi. Kiswahili hakiachwi ukutani uchi namna hii."

Kabla sijamvuta kando alishamgeukia mama mwenyekiti, akamweleza kosa lilipo, kwa Kiingereza safi cha kulaaniwa. Mama alimshukuru mkono kifuani. Akaagiza ngazi na rangi viletwe palepale, kabla ya kupiga picha.

Ningekataa. Leo ningekataa, nikawaachia na brashi yao. Siku ile niliwatazama wale watu waliovaa vizuri wakinisubiri, Mwalimu akinielekeza kwa bakora, nikaona haya, nikapanda.

Ngazi ilikuwa mbovu, ikayumba. Mwenzangu akaja, akaishika kwa mikono yote miwili nisianguke, mpaka nilipomaliza kuandika li.